Balatum Iliyokatwa Kinyume

Kabla sijaanza kutandika sakafu za watu nilikuwa fundi cherehani pale Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na sikuwa nikificha kwamba kazi naijua. Gauni nililoshona mimi halikurudi. Likirudi, nilimwambia mwenye nalo kwamba amenenepa, na mara nyingi nilikuwa nasema kweli.

Balatum iliniingia kwa njia ya mapazia. Balatum ndivyo tunavyoliita lile zulia la plastiki linalokuja limeviringishwa, zito, lenye uso wa vigae au wa mbao na mgongo wa kijivu. Miaka ile ya vita nyumba za zamani za mjini, zile zenye dari ndefu na madirisha ya vyuma, zilikuwa zimechoka kuliko wenyewe. Watu waliniita niwashonee mapazia. Pazia jipya likishatundikwa, macho ya mwenye nyumba yalishuka chini, akaona sakafu yake, akaona aibu. Ndipo aliponiuliza kama namjua fundi wa balatum. Mafundi wa balatum walikuwa wamepungua. Mmoja alikimbilia Uvira, mwingine Kigoma, na waliobaki hawakuthubutu kuvuka mitaa fulani. Mimi, mwanamke wa Buyenzi, kilemba kichwani na mkasi mkobani, nilipita kila mahali. Vijana wa vizuizini waliniangalia mara moja wakasema huyu ni Mswahili, si wa upande wowote, apite zake.

Basi nikaanza kuwajibu wateja kwamba fundi ninaye, ni mimi. Wakishangaa, niliwaambia mkasi ni mkasi: nguo ya dirishani, nguo ya mwilini, nguo ya chini, zote hupimwa, hukatwa, hukaa. Nilitandika chumba cha kulala huko Mutanga Nord, nikatandika jiko moja Bwiza, vyote vya pembe nne, vyote vikakaa. Nikavimba kichwa. Mwenyezi Mungu ana namna yake na watu waliovimba kichwa.

Mteja ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa mama wa ofisi, niliyemshonea mapazia kwanza. Alifanya kazi katika wizara moja, mjane, mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa hata siku ambazo mji ulikuwa umefungwa. Aliishi na binti yake mmoja katikati ya mji, ghorofa ya pili ya jengo la zamani la Wabelgiji, lenye ngazi za mawe na, upande wa barabara, pembe mbili za mviringo kama mabega ya mtu mnene. Sebule yake ilikuwa na sakafu ya mbao ndogondogo zilizopangwa kwa ustadi. Zamani lazima ilipendeza. Lakini mwaka wa kwanza wa vita ndugu zake kumi na wawili walikimbilia kwake, umeme ukakatika, wakapika kwa mbabula, jiko la makaa, palepale sebuleni. Ndugu walikwisha kuondoka, miduara myeusi ya moto ilibaki. Nilihesabu saba.

Aliniambia shida yake bila kuzunguka. Jumamosi ya wiki iliyofuata watu wangekuja kumposa binti yake, ukoo mzima wa kijana, wazee wenye suti na fimbo. Upande wake hakubaki mwanamume wa ukoo. Kaka zake wawili walikufa, wa tatu yuko kambini ng'ambo na hana namna ya kuja. Msemaji alikuwa amemuomba kanisani, shemasi mmoja mwenye sauti nzuri. Kila kitu siku hiyo kingekuwa cha kuazima, viti, glasi, hata mdomo wa kuwajibu wageni. Alichotaka kiwe chake ni chumba. Alisema akiwapokea wakwe juu ya miduara ile ya moto, binti yake ataolewa huku akihurumiwa, na mtu anayehurumiwa na wakwe hana siku njema.

Nilimuelewa mno. Nilimwambia alale usingizi.

Balatum aliipata kwa tabu, maana nchi ilikuwa imewekewa vikwazo na kila kitu kilivuka ziwa kwa kujificha. Ilikuwa nzuri sana, nene, pana mita nne, uso wake unaiga mbao mpaka mishipa ya mti unaiona, ukipitisha kiganja unausikia mkwaruzo wake. Kilikuwa kipande kimoja tu cha kutosha sebule ile. Aliyemuuzia alisema nyingine kama hiyo labda mwakani, inshallah.

Sebule haikuwa ya pembe nne. Kona moja ilikuwa ni lile bega la mviringo, na upande wa pili, hatua mbili kutoka ukutani, palikuwa na nguzo ya duara inayoshika dari. Nilifanya nilivyozoea. Nilichukua karatasi za mifuko ya saruji, nikaziunga kwa gundi mpaka zikajaa chumba, nikaukata mviringo kufuata ukuta, nikatoboa tundu la nguzo. Ikawa patroni kamili, kama ya koti. Mama wa ofisi aliitazama akasema hajawahi kuona kazi safi hivyo. Nikasema ndiyo.

Kukatia pale ghorofani hakukufaa. Makabati yalijaa kila upande, na kwa sababu ya amri ya kutotoka nje ilinibidi niwe Buyenzi kabla ya jioni. Kwa hiyo balatum ilipelekwa kwangu, nikaitandaza uani baada ya kufagia mara tatu. Ua wetu unapakana na gereji. Mafundi wa magari waliacha kazi wakaja kutoa maoni, mikono nyuma kwa sababu nilikuwa nimewaonya kuhusu grisi. Mmoja alisema nikate kwa msumeno. Mwingine alisema tundu la nguzo ni dogo. Niliwauliza kama mimi huwa naenda kuwafundisha kufunga gia.

Sasa sikiliza nilichofanya, na kama wewe ni fundi cherehani utanisamehe kabla ya wengine. Fundi cherehani hachori kwenye uso wa kitambaa. Chaki huchafua. Hukigeuza, huchora mgongoni, hukata. Na hilo halina madhara, kwa sababu mwili wa binadamu una kushoto na kulia: tunakunja kitambaa, tunakata mikono miwili kwa pamoja, mmoja utakwenda huku, mwingine kule. Miaka kumi na tano mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo. Niliilaza balatum kifudifudi, ule mgongo wa kijivu juu, nikaweka patroni, nikachora, nikasema bismillahi, nikakata. Mafundi wa magari walipiga makofi.

Jumatano asubuhi mkokoteni uliipandisha mjini, watu wanne wakaipitisha kwenye ngazi huku ikigoma kila kona. Sebule ilikuwa tupu, nimeshaziba mashimo ya mbao kwa unga wa randa na gundi, nimeshapiga msasa. Tuliiviringua kuelekea dirishani. Nilikuwa nimepiga magoti, najiandaa kusifiwa.

Mviringo ulikuwa kushoto. Bega la ukuta lilikuwa kulia.

Nilidhani tumeiingiza vibaya, tukaizungusha. Ikawa mbaya zaidi. Tundu la nguzo lilikuwa limekaa mahali peupe, katikati ya njia ambako wakwe wangepita, na nguzo yenyewe ilikuwa imeinyanyua balatum upande wa pili kama mtu aliyesimama chini ya shuka. Nikaelewa: nilikata kwa mgongoni bila kuigeuza patroni, na kulia kukawa kushoto. Ningeweza kuunga kona, lakini kiraka cha duara katikati ya sebule, mbele ya wazee wenye fimbo, kingeonekana kabla ya salamu. Na balatum nyingine haikuwapo.

Nawaambia ukweli, sikulia kwanza. Kwanza nilikasirika. Niliwafokea wabebaji, niliifokea nguzo, niliwalaumu Wabelgiji waliopinda ukuta bila sababu. Halafu nikakaa kwenye ngazi nje ya mlango nikalia. Mama wa ofisi alikuwa kazini, angerudi saa sita, na mimi ndiye niliyemwambia alale usingizi.

Nikiwa pale, mlango wa pili ulifunguliwa. Kila ghorofa ya jengo lile ilikuwa na milango miwili tu, inayotazamana. Akatoka mzee mmoja na ndoo, maana maji yalikuwa yanapatikana kwenye bomba la chini tu. Nilikuwa nimemuona mara mbili tatu, karani mstaafu wa bandarini, suruali juu ya kitovu, hana salamu ya bure. Aliniangalia, akasema fundi asiyekula asubuhi hulia mapema, akashuka. Hakuufunga mlango.

Kupitia mlango ule niliiona sebule yake. Bega la mviringo lilikuwa kushoto. Nguzo ilikuwa kulia, hatua mbili kutoka ukutani. Jengo lina mabega mawili, na yeye alikaa kwenye bega lile lingine.

Nilisimama. Nilicheka peke yangu mpaka wabebaji wakatoka kutazama. Sakafu yake nayo ilikuwa mbaya, mbao zimevimba kwa maji ya dari iliyovuja, nyingine zimebanduka. Nilikuwa nimemkatia mtu asiyenituma, kwa vipimo vyake hasa.

Mama wa ofisi aliporudi nilimwambia yote, kwa haraka, kosa na dawa yake pamoja: tuitandike kwa jirani, Jumamosi awapokee wakwe huko, hatua tatu tu kutoka kwake. Nilingoja afurahi. Aliitazama balatum kwa muda mrefu, akaliona tundu, akakaa kwenye dirisha.

"Mulango ule sigongi," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Aliniambia ana miaka mitatu na zaidi hajasemezana na yule mzee. Hawakuwa kabila moja, na mwaka ule hilo lilitosha. Kabla ya vita binti yake alikuwa akilelewa kule zaidi ya hapa, mke wa mzee akimsuka nywele, akimlisha. Vita vilipoanza kila mlango ulifungwa kwa komeo. Hakuna aliyemfanyia mwenzake ubaya wowote. Walipishana kwenye ngazi wakitazama mawe, basi. Halafu mke wa mzee akaugua, akafa, na yeye hakuvuka kwenda kilioni. Aliniambia hilo ndilo linalomzuia, kuliko kabila. Kabila watu wangelizoea. Jirani kufiwa ukabaki ndani, hilo hujui utalianzia wapi.

Nilimhurumia, lakini pia nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira miguu hunitangulia. Jumamosi ilikuwa inakuja. Nikavuka nikagonga mwenyewe.

Mzee alifungua nusu. Nilimweleza kosa langu bila kulipamba, na kwamba tunaomba sebule yake Jumamosi. Alisikiliza akiwa ameshika kitasa. Mwishoni aliniuliza swali moja tu, kama mimi ni fundi kweli. Nikamwambia ndiyo, ila wa magauni. Hapo aligeuza uso, nadhani alikuwa anaficha kucheka. Akasema hataki kuambiwa, anataka kuona, tuilete.

Tuliivusha. Wabebaji walishika pande nne, tukaishusha taratibu kutoka upande wa dirisha. Mviringo uliingia kwenye bega la ukuta. Tundu lilishuka juu ya nguzo. Nilikuwa nimekata mpasuo mmoja kutoka tundu hadi ukingoni, ukafunguka, ukaikumbatia, ukafunga. Pembezoni hapakuwa na nafasi ya kupitisha ukucha. Katika maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kutandika kitu kikakaa namna ile, na ndicho nilichokikata vibaya.

Mzee alivua viatu mwenyewe, sikumwambia. Akatembea juu yake na soksi mpaka dirishani, akarudi. Nilipogeuka nilimuona mama wa ofisi amesimama mlangoni, nje, ncha za viatu vyake zikigusa kizingiti. Nadhani alikuja kwa sababu ya balatum tu, kuona kama kweli imekaa. Mzee alimuona. Wabebaji walianza ghafla kushughulika na kamba zao.

"Siku ya kilio ya bibi yangu, mulango yako ilifungwa," mzee akasema.

"Niliogopa, muzee."

"Mi pia niliogopa. Nilipita mbele ya mulango yako nikasikia unalia ndani. Sikugonga."

Mama wa ofisi alivua viatu, akaviweka sambamba ukutani, akaingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya yule bibi ukutani akaitazama, akatoa pole zake kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, zote, kama mtu anayezitoa siku ya pili ya msiba. Mzee alizipokea moja moja. Mimi nilikuwa napaka gundi kwenye pembe huku machozi yanadondoka, na nilikuwa namuomba Mungu yasiiharibu gundi.

Ijumaa tulihamisha viti. Nilirudi, ingawa kazi yangu ilikuwa imekwisha, kwa sababu mapazia ya mzee yalikuwa aibu na sikuweza kuyaacha juu ya kazi yangu ile. Nikachukua yale niliyomshonea mama wa ofisi, nikayavusha pia. Binti alikuja kusaidia, msichana mrefu, mcheshi. Aliingia nyumba ile bila kuangalia kushoto wala kulia, akafungua kabati la tatu la jikoni, akatoa sinia bila kuuliza liko wapi. Mzee alimuona. Akatoka kwenda kuteka maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Jumamosi wageni walikuja saa nane mchana, wapate kurudi kabla ya saa ya amri. Mimi nilialikwa, nikakaa karibu na mlango nikilinda balatum. Kwetu mtu akikanyaga mkeka kwa viatu huambiwa. Hawa waliingia na viatu vyao vigumu, na shangazi mmoja wa bwana harusi alikuwa na visigino vyembamba kama misumari. Kila hatua yake niliifuata kwa macho. Balatum haikushtuka. Mzee mmoja wa wageni aliinama akaigusa kwa kidole, akamnong'oneza jirani yake kwamba ni mbao halisi. Nilijikaza nisimsahihishe.

Upande wa wenyeji kulikuwa na mama wa ofisi, kwenye kiti cha kuazima, mgongo umenyooka. Wanawake wawili wa kazini kwake. Shemasi na karatasi yake. Mwenye nyumba, yule mzee wetu, alikaa pembeni kabisa, kwenye kona ya mviringo, ndani ya koti lililonukia sanduku, kama mtu aliyekuja kutazama.

Kule kwetu posa haianzi na posa. Msemaji wa wageni husimama akazungumza habari za njia, vumbi, kiu, ng'ombe aliyepotea ambaye nyayo zake zimeishia kwenye ua huu. Wa siku ile alikuwa hodari, watu walicheka, pombe ikapokewa. Kisha akafika mahali ambapo lazima afike. Alitazama safu nzima ya wenyeji, wanawake watatu na shemasi, akasema wao hawawezi kuomba kitu kwa hewa. Wanaomba waonyeshwe mwenye nyumba hii, mwanamume mwenye neno, ili wajue wanazungumza na nani.

Lilikuwa swali la desturi tu, hakuliuliza kwa ubaya. Lakini niliuona mgongo wa mama wa ofisi ukilegea kidogo. Shemasi alifunua karatasi yake akaanza kuinuka.

Mkono ulimshika begani ukamrudisha kwenye kiti. Mzee alikuwa ametoka konani. Alifunga kifungo cha koti, akakohoa, akawaacha wageni wangoje kidogo, kama anavyofanya baba asiye na haraka ya kumtoa mwanawe.

"Nyumba ni yangu," akasema. "Mutoto munayetafuta pia ni wa hapa. Ametambaa chini hapa mbele ya kujua kutembea, bibi yangu ndiye alimusuka nywele ya kwanza. Mukimutaka, mutaniomba mimi, na mi sina haraka."

Wageni walipiga makofi, wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Msemaji wao alifurahi kumpata mtu wa kushindana naye, akaanza upya habari za ng'ombe wake.

Mama wa ofisi hakupiga makofi. Aliondoka kwenye kile kiti cha kuazima, akavua viatu vyake vilivyong'aa, akaketi chini juu ya balatum, miguu ameinyoosha mbele, karibu na mguu wa mzee, mahali ambapo dada wa mwenye nyumba hukaa. Mmoja wa wanawake wa kazini kwake alimuonyesha kwa mkono kwamba kiti kipo. Alitikisa kichwa, akabaki palepale mpaka wageni walipoondoka.